Umeandikiwa kipimo cha moyo cha kuchomwa dawa? Soma haya kabla ya kupanda basi

Wiki hii tunajibu swali la msomaji wetu wa Sitalike, mkoani Katavi. Anaeleza kwamba baba yake ana miaka 63, ana kisukari na presha, na tangu msimu wa kilimo uliopita kifua kinambana kila akibeba mzigo au akipandisha kilima kwa baiskeli. Akipumzika dakika chache, kinaachia. Hospitali walimpima umeme wa moyo, yaani ECG, akiwa amelala kitandani, na majibu yakaonekana mazuri. Kwa kuwa magoti hayamruhusu kutembea kwa kasi kwenye mashine, ameandikiwa rufaa ya kipimo kingine ambacho atachomwa dawa ya kuufanya moyo uende mbio huku daktari akiuangalia kwenye skrini.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Shangazi anasema kumchoma mtu mwenye moyo mgonjwa dawa ya kuukimbiza moyo huo ni kumtafutia kifo. Kaka mkubwa anauliza kwa nini wauze magunia ya mpunga kwa ajili ya safari wakati kipimo cha kwanza kilionyesha moyo mzima. Mzee mwenyewe amenyamaza, na karatasi ya rufaa huu ni mwezi wa pili iko kabatini.

Tuanze na karatasi hiyo. Kifua kinachobana mtu akifanya kazi na kuachia akipumzika ni dalili inayojulikana sana ya mishipa ya damu inayolisha moyo kuwa myembamba. Kisukari na presha ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa, pamoja na sigara, mafuta mengi kwenye damu na umri. Kwa hiyo daktari aliyeandika rufaa ile hakubahatisha. Anataka kujua jambo moja: je, moyo wa mzee unapata damu ya kutosha unapofanya kazi ngumu?

Kwa nini ECG ya kitandani haikutosha

Wakulima wa mpunga watanielewa haraka. Chukua mfereji unaopeleka maji kwenye majaruba, halafu tope limeujaza nusu. Ukimwagilia jaruba moja tu, maji yanatosha na huoni tatizo lolote. Siku ambayo majaruba yote yanahitaji maji kwa wakati mmoja, lile la mwisho linabaki kavu. Mfereji ni uleule, kilichobadilika ni mahitaji.

Moyo nao uko hivyo. Mtu akiwa amelala, moyo unahitaji damu kidogo, na mshipa uliosinyaa bado unaweza kuipitisha. Akibeba gunia, mahitaji yanapanda mara kadhaa, na sehemu ya msuli inayolishwa na mshipa ule inaanza kukosa. Ndiyo maana ECG ya kitandani inaweza kuwa nzuri kabisa kwa mtu mwenye tatizo la kweli. Kaka mkubwa hakukosea kusema majibu yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri ya moyo uliopumzika.

Njia ya kawaida ya kuupima moyo ukiwa kazini ni kumtembeza mgonjwa kwenye mashine yenye mkanda unaozunguka, ambayo huongezwa kasi na mwinuko hatua kwa hatua. Lakini si kila mtu anaweza. Kuna wenye magoti yaliyochakaa, waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, wenye maumivu makali ya mgongo. Kwa hao, dawa hufanya kazi ambayo miguu imeshindwa.

Dawa yenyewe ni ipi?

Hapa kuna makundi mawili, na ni muhimu sana kuyatofautisha kwa sababu masharti yake hayafanani.

Kundi la kwanza ni dobutamini. Hii hutumika zaidi pamoja na eko, kile kipimo kinachotoa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kama anavyopimwa mama mjamzito. Dobutamini huuambia moyo upige kwa kasi na kwa nguvu zaidi, karibu sawa na homoni ambayo mwili wako huitoa ukishtuka au ukikimbia. Dawa hii ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970 kwa ajili ya kusaidia mioyo iliyochoka, na mpaka leo wagonjwa mahututi ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu huwekewa dawa hiyohiyo kwenye dripu. Mwambieni shangazi kwamba haikubuniwa kwa ajili ya kuuchosha moyo.

Kundi la pili ni dawa zinazotanua mishipa ya moyo, kama adenosini na dipiridamoli. Hizi hazikimbizi moyo kama dobutamini. Zinatanua mishipa iliyo mizima ili damu ipite kwa wingi, na ule uliosinyaa, ambao hauwezi kutanuka zaidi, unajitenga wenyewe kwenye picha. Mara nyingi hutumika pale picha zinapochukuliwa kwa chembechembe za mionzi au kwa MRI.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari anayekuandikia rufaa, au mhudumu anayekupangia tarehe, ni hili: "Nitachomwa dawa gani?" Mwombe aandike jina lake kwenye karatasi yako. Mambo mengi nitakayoeleza hapa chini yanategemea jibu hilo.

Vidonge vinavyoishia na "lol"

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linaweza kuifanya safari nzima ya mzee kuwa bure.

Wagonjwa wengi wa presha na moyo wanatumia dawa za jamii moja ambazo majina yake kwenye pakiti huishia na herufi "lol": atenolol, bisoprolol, carvedilol, metoprolol, propranolol. Kazi yake ni kuupunguza mwendo wa moyo. Dobutamini inataka kuupandisha. Mgonjwa akimeza kidonge chake asubuhi ya kipimo, dawa mbili zitavutana, moyo hautafika kasi inayotakiwa, na majibu yanaweza kusema mishipa ni mizima wakati si kweli. Kwa sababu hiyo, madaktari wengi humwambia mgonjwa aziache dawa hizo siku moja au mbili kabla ya kipimo.

Soma hapa kwa makini, mpendwa msomaji. Usiziache kwa uamuzi wako, wala kwa sababu umesoma kwenye gazeti. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua na presha kupanda, hasa kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake ina shida. Kuna wagonjwa ambao daktari anataka wapimwe wakiwa wanaendelea na vidonge, na ana sababu zake. Swali la pili basi ni: "Katika dawa zangu hizi, ipi niache, siku gani, na niirudie lini?" Mpelekee pakiti zote azione kwa macho. Maelezo ya "ni kile kidonge cheupe kidogo" hayamsaidii, kwa sababu vidonge vyeupe vidogo ni vingi.

Dawa nyingine za presha na zile za kuyeyusha damu kwa kawaida huendelea kama ulivyozoea, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Chai, kahawa na soda

Kafeini iliyomo kwenye chai, kahawa, kakao, chokoleti, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu huzuia dawa za kundi la pili zisifanye kazi. Mgonjwa aliyekunywa kikombe kimoja cha kahawa asubuhi anaweza kuambiwa arudi siku nyingine. Sharti la kawaida ni kukaa saa 24 bila kafeini, ingawa vituo vingine hutaka saa 12. Kwa dobutamini kafeini si kizuizi kikubwa kiasi hicho, lakini hospitali nyingi huagiza iachwe pia. Ikiwa hujaambiwa ni dawa ipi, acha vyote kwa saa 24, hutapoteza kitu.

Angalia pia dawa za maumivu. Panadol Extra, kwa mfano, ina kafeini ndani yake, na mtu mwenye magoti mabovu humeza vidonge hivyo bila hata kufikiria. Soma pakiti au muulize muuza dawa.

Pumu, kisukari na mengine ya kutaja

Mwenye pumu lazima aseme mapema. Adenosini na dipiridamoli zinaweza kubana njia za hewa, hivyo mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hupangiwa dobutamini badala yake. Anayetumia vidonge vya aminofilini kwa ajili ya kifua naye aseme, kwa sababu dawa hiyo inaifuta kabisa kazi ya kundi la pili. Inaifuta kiasi kwamba wapimaji huiweka tayari chumbani, ili mgonjwa akizidiwa wamchome yeye dawa hiyo na mambo yatulie.

Mwenye kisukari anakabiliwa na tatizo la kukaa na njaa. Kabla ya kipimo hutakiwa usile kwa saa tatu hadi nne au zaidi, kwa sababu dawa inaweza kuleta kichefuchefu. Anayejichoma insulini au kumeza dawa kama glibenclamide, kisha asile, sukari yake inaweza kushuka vibaya akiwa kwenye foleni. Omba upangiwe asubuhi mapema, uliza ni kiasi gani cha dawa utumie siku hiyo, na beba chakula cha kula mara tu ukimaliza. Ukisikia kutetemeka, jasho la baridi au kichwa kuwa chepesi wakati unasubiri, mwambie muuguzi palepale. Usivumilie ukidhani utaharibu kipimo.

Wengine wa kujieleza ni mwenye presha ya macho, mwanaume mwenye tezi dume lililovimba, na mama mjamzito au anayenyonyesha. Aliyewahi kuambiwa ana mlango wa moyo uliobana au mapigo yasiyo na mpangilio, naye aseme.

Kuna moja ambalo wazee wetu hulificha. Dawa za nguvu za kiume kama sildenafil haziruhusiwi kukutana na kidonge au dawa ya kupulizia chini ya ulimi ambayo mgonjwa anaweza kupewa kifua kikimbana wakati wa kipimo. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka. Baba mtu mzima hawezi kulisema hilo mbele ya binti yake, wala binti hawezi kumuuliza. Dawa yake ni rahisi: mkifika kwa daktari, mwambie mzee "nakusubiri nje" kisha umwachie dakika tano. Vivyo hivyo kwa dawa za asili, kwa sababu si kila mtu yuko tayari kuzitaja mbele ya watoto.

Safari ya kutoka Sitalike

Kwa anayeishi Dar es Salaam, maandalizi haya ni suala la asubuhi moja. Kwa mtu wa Sitalike ni jambo la siku kadhaa. Kijiji kiko kilomita zipatazo 40 kusini mwa Mpanda, kwenye barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuelekea Sumbawanga. Kipimo hiki kinahitaji mashine, dawa, vifaa vya dharura na mtaalamu aliyesomea moyo, hivyo mgonjwa hutoka zahanati, akapita hospitali ya mkoa pale Mpanda, ndipo apewe rufaa ya juu zaidi. Inaweza kuwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo huhudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ikiwemo Katavi. Inaweza kuwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam. Daktari wako ndiye atakayejua ni wapi kipimo hiki kinafanyika kwa sasa na tarehe ya karibu ni ipi.

Kabla ya kuuza hata gunia moja, pigeni simu au mwombeni daktari wa Mpanda awapigie. Ulizeni kama kipimo kinafanyika siku mliyopangiwa, dawa ni ipi, gharama ni kiasi gani, na kama bima yenu inakilipia kikamilifu au kuna nyongeza. Ulizeni pia kama wataalamu wa moyo wana ratiba ya kuja mkoani. JKCI huwa inatuma madaktari wake mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, na ingawa hapo si lazima kipimo hiki kifanyike, mtaalamu anaweza kumwona mzee, kumfanyia eko ya kawaida na kuamua kama safari ndefu inahitajika.

Kisha fikirini njia. Basi linasimama, kila mtu anashuka kunywa chai ya moto na chapati. Mzee amechoka, dereva anapiga honi, na kikombe kimoja cha chai ya rangi hakionekani kuwa kitu. Kama mnasafiri usiku ili apimwe asubuhi, kikombe hicho ndicho kinachoweza kuahirisha kila kitu. Ni heri kufika siku moja kabla. Mtu aliyekaa kitini usiku kucha, miguu imevimba na presha iko juu, anaweza kurudishwa hata kama hakunywa chai, kwa maana presha iliyopanda sana ni sababu ya kuahirisha kipimo.

Bebeni karatasi ya rufaa, kadi ya bima na kitambulisho, pakiti za dawa zote, na majibu ya zamani, hata kama ni ECG iliyokunjwa mara nne. Daktari mpya hufaidika sana akiweza kulinganisha. Mzee avae shati la vifungo na viatu vyepesi. Mama aache gauni la kipande kimoja, avae blauzi na sketi, ili kifua kipimwe bila kuvua nguo zote.

Ndani ya chumba cha kipimo

Niieleze kwa dobutamini, ambayo ndiyo inayoelekea kuwa ya mzee wetu.

Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto. Muuguzi humwekea kanula kwenye mkono, anambandikia vibandiko vya ECG kifuani na kumfunga mkanda wa presha kwenye mkono wa pili. Kwanza huchukuliwa picha za moyo ukiwa umepumzika. Halafu dawa inaanza kuingia kwa kiwango kidogo sana kinachopigiwa hesabu kwa kilo za mgonjwa, na kila baada ya dakika tatu kiwango hupandishwa. Kila hatua picha huchukuliwa na presha hupimwa.

Lengo ni moyo ufike angalau asilimia 85 ya kasi ya juu inayokadiriwa kwa umri. Hesabu yake ni 220 toa umri. Kwa mzee wa miaka 63 tunapata 157, na asilimia 85 yake ni kama mapigo 133 kwa dakika. Hiyo ni kasi ambayo moyo wake huenda umeifikia mara nyingi akipandisha kilima kwa baiskeli, tofauti ikiwa kwamba kilimani hapakuwa na daktari, ECG wala dawa ya kutuliza. Moyo ukigoma kufika, anaweza kuongezewa dawa nyingine iitwayo atropini.

Atajisikiaje? Mapigo yatagonga kifuani kwa nguvu. Anaweza kusikia kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu, joto au vinyweleo kusisimka. Akipewa atropini, mdomo utakauka na macho yataona ukungu kwa saa kadhaa. Haya yote ni ya kawaida. Kifua kikibana, pumzi ikikata au akihisi kizunguzungu, aseme hapohapo. Wazee wengi wamezoea kuvumilia maumivu kimya kimya, na humu ndani uvumilivu huo haufai, kwa sababu maumivu yenyewe ni sehemu ya majibu.

Dawa huingia kwa takriban robo saa. Ikifungwa, nguvu yake inapungua kwa nusu ndani ya dakika mbili hivi, na baada ya dakika chache moyo unarudi mwendo wake. Ukichelewa kutulia, daktari anaweza kuchoma dawa ya ile jamii ya "lol". Kwa jumla, tenga saa moja, kisha mgonjwa akae chini ya uangalizi kwa muda kabla ya kuruhusiwa.

Shangazi anauliza: Je, hawezi kufa?

Ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Madhara makubwa, kama mapigo kuvurugika vibaya au shambulio la moyo, yanaweza kutokea. Ni nadra, lakini yapo, na ndiyo maana mgonjwa husainishwa fomu ya ridhaa. Ndiyo maana pia chumbani huwa kuna mashine ya kushtua moyo, oksijeni na dawa za dharura, na mtaalamu hasogei kando ya kitanda. Dawa husimamishwa mara moja presha ikipanda au kushuka kupita kiasi, mapigo yakibadilika vibaya, picha ikionyesha msuli kushindwa, au mgonjwa mwenyewe akisema basi.

Kuna watu ambao hawapaswi kufanyiwa kipimo hiki kabisa kwa wakati huo: aliyepata shambulio la moyo siku chache zilizopita, ambaye kifua kinamuuma hata akiwa amepumzika, ambaye mlango mkuu wa kutolea damu umebana sana, au ambaye presha yake haijashikika. Ukiona daktari amekataa kumpima ndugu yako kwa sababu hizo, amemlinda.

Lakini shangazi alinganishe na upande wa pili. Mzee anaendelea kubeba mizigo na kupandisha kilima akiwa na mshipa ambao haujulikani umebana kiasi gani. Ugonjwa usiopimwa nao una hatari zake, na hauna mtu wa kuuzima ukifika mbali.

Majibu yanasema nini

Kama sehemu zote za moyo zilizidi kusukuma kwa nguvu dawa ilipopanda, ni habari njema. Uwezekano wa kuwa na mshipa uliobana sana ni mdogo. Haimaanishi mzee hawezi kuugua moyo maishani. Presha na sukari vinabaki palepale, na vidonge haviachwi.

Kama kuna sehemu iliyosukuma vizuri mwanzoni kisha ikalegea moyo ulipokwenda mbio, hiyo ni ishara kwamba mshipa unaoilisha umebana. Hatua inayofuata inaweza kuwa kuongezewa dawa, au kupitishwa mrija mwembamba kwenye mishipa ili ionekane na pengine izibuliwe palepale, huduma ambayo JKCI inafanya hapa nchini. Na kama moyo haukufika kasi iliyotakiwa, majibu huandikwa kuwa hayakukamilika. Muulize daktari kwa maneno haya: "Moyo ulifika lengo?" Majibu mazuri ya moyo usiofika lengo hayatoshi kumtuliza mtu.

Kabla ya kutoka, ulizeni lini mzee arudie vidonge alivyosimamishwa. Wapo wanaoviacha siku mbili kwa ajili ya kipimo, kisha wanavisahau mwezi mzima. Kama alipewa atropini, asiendeshe pikipiki wala baiskeli mpaka macho yawe sawa. Na nakala ya majibu irudi nayo Sitalike, isibaki kwenye faili la hospitali peke yake.

Usisubiri kipimo ikiwa…

Kifua kikibana mtu akiwa amepumzika na kisiachie, kikiambatana na jasho jingi, kukosa pumzi, kutapika, au maumivu yanayopanda shingoni, tayani au mkono wa kushoto, hilo si suala la rufaa ya mwezi ujao. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Kwa wenye kisukari na kwa akina mama, dalili zinaweza kuwa hafifu: uchovu usio wa kawaida, pumzi fupi, kiungulia kisichoisha.

Kwa msomaji wetu wa Sitalike, toa ile karatasi kabatini wiki hii. Nenda Mpanda na mzee, mkiwa na pakiti za dawa zake mkononi, na mumuulize daktari maswali mawili: atachomwa dawa gani, na katika hizi aache ipi. Mkishapata majibu, ndipo mpange habari ya nauli.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemfahamu mgonjwa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.